Ulinganishaji wa dhamira na wahusika katika fasihi

Ulinganishaji wa dhamira na wahusika ni njia ya uhakiki wa fasihi ambayo msomaji huchukua kazi mbili au zaidi, huziuliza swali moja, kisha hueleza zinafanana wapi, zinatofautiana wapi na kwa sababu gani. Kazi hizo zinaweza kuwa za mtunzi mmoja au za watunzi tofauti, za lugha moja au za lugha mbalimbali, za utanzu mmoja au za tanzu tofauti kama riwaya na ushairi.

Njia hii hutumika katika shule za sekondari, vyuo vya ualimu na vyuo vikuu. Katika elimu ya juu ni sehemu ya taaluma inayoitwa fasihi linganishi. Makala hii inaeleza misingi yake, historia yake kwa ufupi na namna ya kuifanya. Mfano mkuu ni riwaya tatu za Kiswahili: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) na Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi (1999). Katika zote tatu yumo msichana ambaye wakubwa wake wamemfungia mlango, naye anatoka.

Istilahi za msingi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuigawa kazi ya fasihi katika pande mbili: fani na maudhui. Fani ni namna kazi ilivyoundwa, yaani muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Maudhui ni yale yanayosemwa, yaani dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa ya mtunzi. Ulinganishaji wa dhamira na wahusika unagusa pande zote mbili, kwa kuwa dhamira hukaa upande wa maudhui na wahusika hukaa upande wa fani. Kwa kweli pande hizo haziachani. Dhamira haionekani ila kwa yale wanayotenda na kutendewa wahusika.

Ni vizuri pia kutofautisha mada na dhamira. Mada ni jambo linalozungumzwa, kwa mfano ndoa, malezi au ukoloni. Dhamira ni lile ambalo kazi inalisema juu ya jambo hilo. Kazi mbili zinaweza kuwa na mada moja na dhamira zinazopingana. Riwaya moja inaweza kuonyesha kwamba ukali wa wazazi huwalinda watoto, na nyingine ikaonyesha kwamba ukali huohuo huwaangamiza. Mwanafunzi anayesema tu kwamba "vitabu vyote viwili vinazungumzia malezi" ametaja mada, lakini hajafika kwenye dhamira.

Wahusika hugawanywa kwa njia kadhaa. Kwa nafasi yao katika hadithi, kuna mhusika mkuu na wahusika wasaidizi. Kwa namna walivyochorwa, kuna mhusika bapa, ambaye habadiliki na huwakilisha sifa moja, na mhusika duara, ambaye hubadilika na huweza kumshangaza msomaji. Mgawanyo huu wa pili ulienezwa na mwandishi wa Uingereza E. M. Forster katika mihadhara yake juu ya riwaya iliyochapishwa mwaka 1927.

Historia

Kulinganisha kazi za sanaa ni jambo la kale. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alilinganisha tanzia na utendi katika kitabu chake juu ya sanaa ya ushairi. Plutarch, aliyeishi katika karne ya 1 na ya 2 BK, aliandika wasifu wa watu mashuhuri akiwapanga wawili wawili, Mgiriki mmoja na Mrumi mmoja, ili tabia ya mmoja imulike tabia ya mwenzake.

Mwaka 1827 mshairi wa Ujerumani Johann Wolfgang von Goethe, baada ya kusoma riwaya ya Kichina iliyotafsiriwa, alisema kwamba wakati wa fasihi ya dunia umefika. Katika karne hiyo ya 19 fasihi linganishi ilianza kufundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya. Baadaye zilijitokeza njia mbili kubwa. Ya kwanza, iliyohusishwa na wataalamu wa Ufaransa, ilichunguza athari: mtunzi fulani alisoma nini na alichukua nini kwa mwenzake. Ya pili, iliyohusishwa na wataalamu wa Marekani, ilichunguza mshabaha: kazi mbili zinaweza kulinganishwa hata kama watunzi wake hawakuwahi kusomana.

Mwaka 1928 Vladimir Propp wa Urusi alichapisha uchunguzi wake wa ngano 100 za Kirusi. Aliona kwamba majina na sura za wahusika hubadilika kutoka ngano moja hadi nyingine, lakini kazi wanazozifanya katika hadithi hujirudia. Alihesabu matendo ya msingi 31 na aina 7 za wahusika kwa kufuata majukumu yao, kama vile shujaa, adui, msaidizi na mtoaji. Ugunduzi huo uliwapa wahakiki njia ya kulinganisha wahusika kwa wanachokifanya, bila kujali kama ni wafalme au wakulima, watu au wanyama.

Katika Afrika Mashariki suala la kulinganisha lilipata uzito mpya mwaka 1968. Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na nafasi yake ichukuliwe na idara ambayo ingeiweka fasihi ya Afrika katikati. Hawakukataa fasihi za nje. Walichokipinga ni kuifanya fasihi ya Uingereza kuwa kipimo cha kupimia nyingine zote. Katika miaka hiyohiyo tafsiri ziliwapa wasomaji wa Kiswahili nafasi ya kulinganisha kwa lugha yao wenyewe. Julius Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, na Samuel Mushi alitafsiri Makbeth.

Msingi wa kulinganisha

Vitu viwili hulinganishwa kama vina jambo la pamoja la kuvishikanisha. Katika fasihi jambo hilo linaweza kuwa tukio (msichana anatoroka nyumbani), uhusiano (baba na binti), mandhari (mji wa bandari), wakati (miaka ya ukoloni) au swali (nani ana haki ya kuamua ndoa ya mtu?). Msingi ukiwa mpana mno, kama "maisha" au "mapenzi", ulinganishaji huwa hauna mwisho. Ukiwa mwembamba, tofauti huonekana vizuri zaidi.

Kazi yenyewe hufanywa kwa hatua hizi:

1. Kusoma kila kazi peke yake hadi mwisho na kuielewa kwa masharti yake.
2. Kuchagua msingi mmoja wa kulinganisha na kuuandika kama swali.
3. Kukusanya ushahidi kutoka kila kazi: matukio, mazungumzo, maelezo ya msimulizi.
4. Kutenga yanayofanana na yanayotofautiana.
5. Kueleza sababu na maana ya tofauti hizo.

Hatua ya tano ndiyo inayoachwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye thamani kubwa. Kufanana kunampa mhakiki ruhusa ya kuziweka kazi mbili pamoja. Tofauti ndiyo inayomwambia jambo ambalo asingeliona kwa kusoma kazi moja tu.

Mfano: mabinti watatu

Rosa Mistika

Rosa Mistika ni riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, Tanzania. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina. Baba yake ni mlevi na mkali. Anapogundua barua ya kijana aitwaye Charles, anampiga Rosa vibaya, na tangu hapo msichana anakua akiwaogopa wavulana. Anapokwenda shule ya bweni mbali na macho ya baba, uhuru unamjia kwa ghafla, na wanaume wenye vyeo wanautumia. Mwenendo wake unaharibika shuleni na baadaye chuoni. Anarudi nyumbani akiwa amekusudia kujirekebisha na kuolewa na Charles, lakini maisha yake ya nyuma yanaivunja ndoa hiyo, naye anajiua. Mwishoni riwaya inavuka mpaka wa maisha ya kawaida: baba na binti wanasimama mbele ya Mungu kuhukumiwa. Kwa kipindi fulani kitabu hiki kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu ya namna kilivyoeleza waziwazi mambo ya mapenzi.

Utengano

Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1947, anamchora Maimuna, binti wa Maksuudi na Bi Tamima. Maksuudi ni tajiri na mwanasiasa mwenye heshima mbele ya watu, lakini mali yake ina historia ya dhuluma. Nyumbani anamfungia mkewe na binti yake wasitoke. Bi Farashuu, ambaye binti yake aliwahi kuolewa na kudhulumiwa na Maksuudi, ana kisasi cha muda mrefu. Nyumba ya Maksuudi inapovunjika, Maimuna anatoka bila kuijua dunia, na kisasi cha wakubwa kinamwangukia yeye. Anafika mjini, anaingia katika danguro la Mama Jeni, anakuwa mlevi na mwimbaji wa kilabuni. Maksuudi naye anapoteza cheo, mali na heshima, na mwishowe anautafuta msamaha wa wale aliowatesa. Maimuna anarudi kutoka alikokuwa amepotelea na kuolewa na Kabi.

Vuta n'Kuvute

Adam Shafi, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1940, anaanza na Yasmin, msichana wa jamii ya Kihindi mwenye umri wa miaka 15, aliyeozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara wa miaka 52. Wakati ni wa utawala wa Waingereza Zanzibar. Yasmin anamkimbia mumewe, anakataliwa na jamaa zake, na anapokewa na rafiki yake Mwajuma, mwanamke Mwafrika wa hali ya chini. Kupitia kwake anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayeshiriki katika harakati za kupinga ukoloni. Mapenzi yao yanavutwa huku na huku na polisi, ubaguzi wa rangi na siasa. Denge hapatikani tena kuwa mume wa kawaida, na Yasmin hatimaye anaolewa na Bukheti. Riwaya hii ilitengenezewa filamu iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021.

Yanayofanana

Wasichana wote watatu wamefungiwa na watu wazima wanaodai kuwalinda. Wote watatu wanatoka bila kuandaliwa. Wote wanahukumiwa na jamii kwa kipimo ambacho wanaume hawapimwi nacho. Zakaria mlevi anadai nidhamu kwa binti yake. Maksuudi, anayetafuta wanawake nje, anataka heshima ya nyumba yake ilindwe na wanawake waliofungiwa ndani. Bwana Raza anaoa mtoto, na lawama za kuvunjika kwa ndoa zinamwangukia mtoto huyo.

Majina ya vitabu nayo yanaweza kulinganishwa. Rosa Mistika ni jina la Bikira Maria katika sala za Kikatoliki. Msichana amepewa jina la usafi ambalo dunia haitamruhusu kulibeba. Utengano unakumbusha methali isemayo kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu, na ndani ya riwaya kila mtu ametengana na mwenzake. Vuta n'kuvute ni mchezo wa kamba, ambapo anayeumia zaidi ni kamba yenyewe.

Yanayotofautiana

Tofauti ya kwanza ni nguvu za anayefunga mlango. Zakaria ni mtu dhaifu. Nje ya nyumba yake hana sauti, na ukali wake kwa mabinti ni sehemu pekee ambako anatii-iwa. Maksuudi ana nguvu ndani na nje. Kwa hiyo Rosa anaumizwa na udhaifu wa baba yake, ilhali Maimuna anaumizwa na nguvu za baba yake, kwa kuwa maadui waliotengenezwa na nguvu hizo wanamlipiza binti. Yasmin hafungiwi na mtu mmoja. Anafungwa na desturi ya jamii nzima, ndiyo maana kumkimbia mume kunamaanisha kupoteza pia jamaa zake.

Tofauti ya pili ni njia ya kutokea. Rosa anatoka kwa mlango unaosifiwa na wote, yaani shule. Maimuna anatolewa na kuvunjika kwa nyumba yao. Yasmin anaondoka kwa uamuzi wake. Jambo hili linamzuia msomaji asiseme kwa haraka kwamba elimu ingewaokoa wasichana hawa. Aliyekwenda shule ndiye aliyepotea kabisa, na aliyeoza ndoa ya utotoni ndiye aliyesimama.

Tofauti ya tatu, ambayo huenda ndiyo kubwa kuliko zote, ni nani anayemngoja msichana nje ya mlango. Rosa anangojwa na watu wenye madaraka wanaomtamani. Maimuna anangojwa na watu wenye kisasi na, baadaye, na wafanyabiashara wa miili. Yasmin anangojwa na Mwajuma. Mwajuma hana mali wala elimu, lakini ana kitanda cha kumlaza rafiki yake na moyo wa kutomuuliza maswali ya kumhukumu. Ukitumia jicho la Propp, kila riwaya ina nafasi ya msaidizi. Katika Rosa Mistika nafasi hiyo iko wazi, hakuna anayeijaza: Regina anampenda bintiye lakini naye ni mpigwa. Katika Utengano nafasi hiyo kwanza inajazwa na msaidizi wa uongo. Katika Vuta n'Kuvute imejazwa na msaidizi wa kweli.

Hata tendo moja hubadilika maana kwa sababu hiyo. Maimuna anaimba, na Yasmin pia anaimba. Sauti ya Maimuna inauzwa kilabuni pamoja na mwili wake, na kila wimbo unamzamisha. Yasmin anaimba taarabu pamoja na watu waliomkubali, na uimbaji unamwingiza katika jamii mpya. Mhakiki anayeandika "wote wawili ni waimbaji" amesema kweli, lakini ameiacha maana nje.

Tofauti ya nne ni msamaha na hukumu. Katika Utengano watu wanaweza kurudi na kusameheana wakiwa hai. Katika Rosa Mistika hakuna mahakama duniani inayotosha, na kesi ya baba na binti inapelekwa mbinguni. Katika Vuta n'Kuvute swali si nani amsamehe nani. Swali ni namna ya kuishi baada ya mapenzi makubwa kushindwa na historia.

Jina la dhamira na hukumu ya mhusika

Mfano huu unaonyesha jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: jina analolipa mhakiki dhamira tayari ni hukumu. Maisha ya Rosa yakiwekwa chini ya kichwa "mmomonyoko wa maadili", mtuhumiwa ni Rosa. Yakiwekwa chini ya "malezi mabaya", mtuhumiwa ni Zakaria. Yakiwekwa chini ya "nafasi ya mwanamke katika jamii", jamii yote inaitwa kizimbani, pamoja na wanaume wenye madaraka waliomchezea. Matukio ni yaleyale katika majina yote matatu.

Ulinganishaji ni dawa ya tatizo hili kwa kiasi fulani. Mtu akisoma Rosa Mistika peke yake anaweza kuamini kwamba Rosa aliangamia kwa sababu ya tabia yake. Akimweka kando ya Yasmin, ataona msichana mwingine aliyevunja amri za wakubwa, akapenda mtu asiyeruhusiwa, na bado akaishi. Hapo swali linabadilika kutoka "Rosa alikuwa na tabia gani?" kuwa "Rosa alikosa nini ambacho Yasmin alikipata?" Kwa msomaji kijana, hasa msichana, swali la pili lina faida kubwa kuliko la kwanza.

Kulinganisha tanzu tofauti

Si lazima kazi zinazolinganishwa ziwe za utanzu mmoja. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa na Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate mnamo mwaka 1858, ni mawaidha ya mama mgonjwa kwa binti yake kuhusu dini, adabu na maisha ya ndoa. Shaaban Robert (1909–1962) naye alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati.

Tenzi hizi zina mada moja na riwaya tatu zilizotajwa: namna ya kumwandaa binti kwa ajili ya dunia. Lakini katika utenzi wa mawaidha mzazi ndiye anayesema na binti husikiliza. Katika riwaya binti anaonekana akitenda, na mawaidha yanapimwa kwa matokeo yake. Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu na utanzu wenyewe. Mhakiki asimlaumu Mwana Kupona kwa kutompa binti yake sauti kama ya Yasmin, kwa kuwa utenzi wa wasia haukuundwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo, kuziweka pamoja kunaonyesha jambo la kufikirisha: Mwana Kupona alizungumza na binti yake kwa upole na kirefu kabla ya kufa, jambo ambalo Zakaria na Maksuudi hawakulifanya wakiwa na miaka mingi mbele yao.

Mazingira ya kazi

Kila kazi hutokana na wakati na mahali. Rosa Mistika iliandikwa na mwandishi kijana katika miaka ya mwanzo baada ya uhuru, wakati shule za bweni zilikuwa zinawatoa wasichana wa vijijini majumbani mwao. Utengano inatokana na pwani ya baada ya uhuru, ikiwatazama wakubwa wapya wa siasa. Vuta n'Kuvute ilichapishwa mwaka 1999 lakini inatazama nyuma, enzi za ukoloni. Mtunzi anayeandika juu ya wakati uliopita anajua mwisho wa historia, na jambo hilo huathiri matumaini yaliyomo katika kazi yake.

Athari kutoka nje nazo huzingatiwa. Wahakiki wengi wameona katika kazi za Kezilahabi, hasa Kichwamaji (1974), alama za falsafa ya udhanaishi iliyoenezwa Ulaya na waandishi kama Albert Camus. Hili halimaanishi kwamba Kezilahabi alinakili. Swali la mhakiki ni: fikra ile ilipofika Ukerewe ilibadilika vipi?

Makosa ya kawaida

- Kusimulia hadithi mbili moja baada ya nyingine bila kuzikutanisha.
- Kutaja kufanana tu na kuishia hapo.
- Kulinganisha sehemu zisizolingana, kwa mfano mhusika mkuu wa kazi moja na mpita njia wa kazi nyingine, bila kueleza sababu.
- Kuchukua kazi moja kuwa kipimo na kuilaumu nyingine kwa kutofanana nayo.
- Kumchanganya mtunzi na mhusika. Maneno ya Zakaria si maoni ya Kezilahabi.
- Kutegemea miongozo ya vitabu badala ya vitabu vyenyewe. Mwongozo hutoa majina ya dhamira, lakini ushahidi umo katika kitabu.

Katika ufundishaji

Nchini Tanzania maswali ya fasihi ya kidato cha nne mara nyingi humtaka mtahiniwa ajadili suala moja kwa kutumia vitabu viwili na kutoa hoja kadhaa kwa kila kimoja. Mpangilio huo hurahisisha usahihishaji, lakini umezoesha wanafunzi kuandika hoja tatu za kitabu cha kwanza, kisha hoja tatu za kitabu cha pili, bila daraja kati yao. Nchini Kenya maswali mengi ya karatasi ya fasihi huhusu kitabu kimoja kimoja, na hivyo kazi ya kulinganisha huachiwa zaidi mazungumzo ya darasani.

Kuna namna mbili za kupanga insha ya ulinganishaji. Ya kwanza ni kwa vitabu: kueleza kazi ya kwanza yote, kisha ya pili. Ya pili ni kwa hoja: kila aya inachukua hoja moja na kuziita kazi zote mbili kuijibu. Namna ya pili ni ngumu kidogo, lakini humlazimisha mwandishi kulinganisha kweli. Tazama mfano wa aya dhaifu:

"Katika Rosa Mistika kuna malezi mabaya. Zakaria anampiga Rosa. Katika Utengano pia kuna malezi mabaya. Maksuudi anamfungia Maimuna."

Aya hiyo inaweza kuandikwa upya hivi:

"Zakaria na Maksuudi wote wanawazuia binti zao kwa kuogopa aibu, na wote wawili wanatenda wenyewe yale wanayoyakataza. Lakini Zakaria ni mnyonge nje ya nyumba yake, na Maksuudi ni mkubwa. Kwa hiyo Rosa anatoka nyumbani akiwa na hofu ya baba tu, wakati Maimuna anatoka akiwa amebeba, bila kujua, madeni ya baba yake kwa watu wengine."

Aya ya pili haina matukio mengi kuliko ya kwanza. Ina neno "lakini" na ina "kwa hiyo". La kwanza linaonyesha kwamba mwandishi ameiona tofauti, na la pili kwamba ameitafutia maana.